Famasi ya Ujerumani imeninyima antibayotiki, na inhela yangu inaisha. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Tanga, nina miaka 23, huu ni mwezi wangu wa nne hapa Leipzig, nasomea uuguzi. Nina pumu tangu utotoni. Nimekohoa wiki mbili sasa. Nilikwenda famasi kununua Amoxil, wakakataa. Nikawaonyesha inhela yangu ya Ventolin, wakasema nayo ni lazima cheti cha daktari. Nimerudi nyumbani na pakiti ya chai na pipi za koo. Mama anataka kunitumia dawa kwa posta, au ampe binamu yangu anayekuja Disemba. Mimi naona wananidharau kwa sababu Kijerumani changu bado kibovu. Hivi huku mtu anapataje dawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kifua.

Nianze na inhela, mengine yatafuata. Igeuze uitazame kwa nyuma. Baadhi ya Ventolin zina kidirisha chenye namba inayoanzia 200 na kushuka kila unapopuliza. Ikiwa imebaki chini ya 40, hilo ni jambo la kesho asubuhi, usilisogeze hata siku moja. Na ikitokea usiku pumzi ikabana hadi huwezi kumaliza sentensi bila kukatika, au umepuliza na hupati nafuu, usiwaze famasi, usiwaze cheti, usiwaze Kijerumani chako. Piga 112, sema “Asthma, keine Luft”, yaani pumu, sina hewa, kisha taja anwani. Watakuja. Kwa shida isiyotishia uhai lakini haiwezi kungoja kliniki zifunguliwe, kuna 116117, namba ya daktari wa zamu, na simu yenyewe ni bure.

Sasa niseme jambo ambalo hukuniuliza. Mtu mwenye pumu ametoka kwenye joto la Tanga, ameingia kwenye baridi ya Leipzig, anakohoa wiki mbili. Ningekuwa mimi pale kaunta, ningeishuku pumu yenyewe kabla ya kushuku bakteria. Kikohozi cha pumu huja zaidi usiku na alfajiri. Huja ukitoka chumba chenye hita ukapigwa na upepo wa nje, huja ukipanda ngazi, hata ukicheka sana. Jisikilize kwa siku mbili hizi. Kama ndivyo kinavyokuja, ungemaliza dozi nzima ya Amoxil na kikohozi kingekuwa palepale, tena ukiwa na kuhara juu yake. Na kama si pumu, kinachofuata kwa uwezekano ni virusi vya mafua, ambavyo antibayotiki haiviwezi, na kikohozi chake ni kawaida kuvuta wiki mbili hadi tatu. Vyovyote iwavyo, unahitaji mtu aweke kifaa cha kusikilizia kifuani kwako na akupulizishe kwenye mashine ya kupima mapafu. Yule wa kaunta hana mashine hiyo.

Kuhusu dharau, naomba unisikilize kama dada yako, kwa sababu nimepita hapohapo. Nilikuja nchi hii nikiwa tayari mfamasia, nimesomea Muhimbili, nimefanya kazi Dar es Salaam miaka kadhaa. Majira yangu ya kwanza ya baridi jino liliniuma hadi nikavimba shavu. Nikaingia famasi nikaomba amoksisilini, ndiyo Amoxil yako. Mama wa kaunta akauliza, “Haben Sie ein Rezept?”, yaani una cheti cha daktari? Nikamwambia kwa Kiingereza kuwa mimi ni mfamasia, naijua dawa hii kuliko ninavyoijua mitaa ya mji huu. Akanitazama kwa upole, akarudia swali lilelile. Nikatoka nje nikalia kituo cha tramu. Kesho yake daktari wa meno alilifungua lile jino, usaha ukatoka, maumivu yakaisha jioni ileile. Amoksisilini ningekuwa nimeinunua ingenituliza siku tatu, na jino lingeendelea kuoza chini kwa chini. Sasa ni mimi ninayesimama upande ule wa kaunta. Nakuhakikishia, mteja anayekuja kwetu tangu kabla sijafika mji huu, anayetuletea keki za Krismasi, akiomba antibayotiki bila cheti naye naambulia kumwambia hapana. Sheria ya dawa inakataza, na mfamasia anayeivunja anaweza kupoteza leseni. Hata kwetu, ukisoma kanuni, antibayotiki ni dawa ya cheti. Tofauti ni kwamba kwetu kanuni hulala kabatini.

Kwa hiyo usipigane na kaunta. Mlango wa dawa huku ni daktari, na mlango huo unaulipia kila mwezi. Chukua karatasi yako ya mshahara wa mafunzo, tafuta mstari ulioandikwa Krankenversicherung. Hiyo ni bima ya afya. Makato ya msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza kidogo ya kila mfuko wa bima, nusu unakatwa wewe na nusu analipa mwajiri. Nimekutana na vijana wetu wengi waliokatwa hela hiyo mwaka mzima na hawajamwona daktari hata mara moja, wanasubiri likizo wakanunue dawa Kariakoo. Inaniuma kila ninapoisikia.

Daktari wa kumwona kwanza anaitwa Hausarzt, daktari wa familia. Kumwona hulipi chochote mlangoni, unatoa kadi yako ya bima tu, wanaiingiza kwenye mashine. Kadi huingizwa mara moja kila robo ya mwaka, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba hesabu inaanza upya. Jua hilo, maana lina faida: ukishaingiza kadi ndani ya robo ile, dawa yako ya kudumu ikiisha unaweza kupiga simu tu, daktari akakuandikia nyingine bila wewe kwenda kukaa kwenye foleni. Kazi ni kumpata huyo daktari. Kliniki nyingi zitakujibu kuwa hazipokei wagonjwa wapya. Usikate tamaa kwa tatu za kwanza. Waulize wanafunzi wenzako wa uuguzi wanakwenda wapi, muulize mkufunzi wako, na ukishindwa kabisa ileile 116117 ina huduma ya kukutafutia miadi. Mtu ambaye inhela yake ya dharura inaisha ana haki ya kusema hivyo waziwazi kwenye simu. Usiseme “nakohoa”. Sema una pumu na dawa inaisha.

Akishakuona, usishangae akikubadilishia dawa. Ventolin ni salbutamol, nayo hufungua njia ya hewa kwa saa chache, lakini uvimbe ulio ndani ya njia hiyo haiugusi. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, lilibadilisha ushauri wake, likasema mtu mzima asitibiwe kwa salbutamol peke yake, lazima apate na dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Huenda ukapewa inhela yenye dawa mbili ndani, kama budesonidi na formoteroli. Ipokee, na usukutue mdomo kwa maji kila ukimaliza kuivuta, la sivyo utapata utando mweupe kinywani. Muulize pia daktari kuhusu mpango wa wagonjwa wa pumu, wanauita DMP. Ukijiunga unaonwa kwa ratiba na unafundishwa namna ya kuvuta dawa. Wengi wetu tuliotumia inhela tangu utotoni hatukuwahi kufundishwa, tunapuliza nusu ya dawa kwenye ulimi.

Cheti chenyewe siku hizi si karatasi. Tangu Januari 2024 dawa za cheti kwa watu wa bima ya umma huandikwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Unatoka kwa daktari mikono mitupu, unaingia famasi yoyote nchini, unaingiza kadi yako kwenye kimashine cha kaunta, nasi tunaiona dawa kwenye skrini. Una siku 28 za kuichukua kwa gharama ya bima. Zikipita unaweza kuinunua kwa hela yako, lakini bima haitalipa. Unachochangia wewe ni asilimia 10 ya bei, lakini si chini ya euro 5 wala zaidi ya euro 10 kwa dawa moja, na hata dawa iwe ya euro 200 unalipa 10 tu. Baadhi hazina mchango kabisa. Tunza risiti zote kwenye bahasha moja. Michango yako ya mwaka ikivuka asilimia 2 ya mapato yako, au asilimia 1 kwa mwenye ugonjwa sugu aliyethibitishwa, bima inakusamehe kinachozidi. Kwa mfano, mwanafunzi anayelipwa euro 1,200 kwa mwezi mwenye ugonjwa sugu hatakiwi kuchangia zaidi ya euro 144 kwa mwaka mzima.

Utaletewa boksi ambalo hulijui. Bima zina mikataba na viwanda, kwa hiyo daktari anaweza kuandika jina moja nasi tukakupa jina jingine lenye dawa ileile. Mwezi ujao rangi ya kidonge ikabadilika tena. Ndiyo maana nataka ujifunze kitu kimoja kuliko vyote nilivyokwisha kuandika: jua jina halisi la dawa yako, acha kushikilia jina la boksi. Huku wanaliita Wirkstoff, nalo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa. Amoxil ni amoksisilini. Flagyl ni metronidazoli. Septrin, ambayo bibi zetu huitumia kwa kila kikohozi, ni kotrimoksazoli. Panadol ni parasetamoli. Hedex na Mara Moja za Kenya nazo si majina ya dawa, ni majina ya pakiti zenye dawa mbili tatu zilizochanganywa. Ukisema “Ventolin” Leipzig watakuelewa kwa bahati, ukisema “salbutamol” wataelewa kila mahali, isipokuwa Marekani ambako dawa hiyohiyo inaitwa albuterol, na parasetamoli wanaiita acetaminophen.

Na jina la boksi linaweza kudhuru. Marekani ukiandikiwa Flomax umeandikiwa tamsulosini, dawa ya wanaume wenye tezi dume. Italia boksi lenye jina hilohilo limekuwa na dawa ya maumivu na uvimbe. Dilacor ya Marekani ilikuwa diltiazemu, ya Serbia ni digoksini, dawa ya moyo ambayo kuizidisha kidogo tu ni hatari. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mambo haya mwaka 2006. Basi chukua simu yako leo, piga picha ubavu wa kila boksi la dawa unayotumia, pale palipoandikwa jina dogo na nguvu yake kwa miligramu. Piga pia boksi la dawa ya presha ya mama, ikiwa siku moja atakuja kukutembelea.

Namna ya kumeza nayo inaandikwa kigeni. Kwetu vidonge vinahesabiwa, vinaingia kwenye kibahasha, na mtoa dawa anaandika kwa kalamu 2x3. Huku hakuna anayekukatia vidonge kwa mkasi kama dukani kwa Mangi, utapewa boksi zima, na maelekezo yataandikwa 1-0-1. Namba ya kwanza ni asubuhi, ya pili mchana, ya tatu jioni. Kwa hiyo 1-0-1 ni kidonge kimoja asubuhi, mchana hakuna, kimoja jioni. 0-0-1 ni jioni tu. Wapo waliosoma 1-0-1 kama mia na moja wakadhani ni namba ya boksi, wakameza kwa kukisia. Muombe wa kaunta aandike kwa kalamu juu ya boksi, hakuna atakayekataa. Na kukiwa na desimali, huku nukta yao ni mkato: 0,5 ni nusu, si tano.

Kuna dawa utakazonunua bila cheti, ila hata hizo haziko supermaketi. Yale maduka ya dm na Rossmann utakayoyaona kila kona yanauza chai, vitamini na sabuni. Parasetamoli lazima uiendee Apotheke, duka lenye herufi A nyekundu yenye kikombe na nyoka ndani yake. Tena unauziwa pakiti ya vidonge 20 vya miligramu 500. Tangu 2009 pakiti kubwa kuliko hiyo ni ya cheti, kwa sababu parasetamoli ikizidi huua ini kimyakimya. Usizidishe vidonge vinane kwa siku kwa mtu mzima, na kumbuka dawa nyingi za mafua huwa na parasetamoli ndani, usije ukazihesabu mara mbili. Ibuprofeni ya miligramu 400 inauzwa bila cheti, ya 600 ni ya cheti.

Lakini wewe, mdogo wangu, usinunue ibuprofeni hivihivi. Kwa baadhi ya wenye pumu, ibuprofeni, aspirini na diklofenaki (ile iliyomo kwenye Diclopar) hubana kifua ndani ya saa moja au mbili. Msimu wa mafua utaona kwenye madirisha ya famasi matangazo ya unga wa Aspirin Complex wa kukoroga kwenye maji. Huo ni aspirini pamoja na dawa ya kuzibua pua. Neno lako la kwanza kaunta, kabla hata ya kusema unachotaka, liwe “Ich habe Asthma”, yaani nina pumu. Ukisema hivyo, mfamasia yeyote wa nchi hii atabadilisha anachotaka kukupa, na utaona kuwa Kijerumani kibovu hakimzuii kukuhudumia.

Turudi kwenye ile chai uliyorudi nayo kwa hasira. Najua inavyouma, umekwenda kutafuta dawa ukapewa majani. Huku hata daktari ataandika chai, mvuke wa maji ya chumvi, dawa ya maji ya zaatari au ya majani ya mti unaopanda kuta, na mapumziko ya siku tatu. Hawakufanyi mtoto. Ndivyo wanavyotibu kikohozi cha virusi cha mtoto wa profesa. Na ukiwa muuguzi utaona mwenyewe wodini wagonjwa wenye vijidudu ambavyo antibayotiki hazivishiki tena, ndipo utaelewa kwa nini mfamasia analinda kabati lile kama mlinzi wa benki.

Mama asitume dawa kwa posta. Sheria ya Ujerumani hairuhusu mtu binafsi kupokea dawa kwa posta kutoka nchi iliyo nje ya Ulaya, hata ziwe zake na hata awe na cheti. Forodha watalizuia kasha, utaitwa kwa barua, na dawa zinaweza kuteketezwa. Binamu naye ana ruhusa ya kuingia na dawa za matumizi yake mwenyewe, kwa kiasi kisichozidi miezi mitatu. Zako si zake. Zake mwenyewe azibebe kwenye maboksi yake ya asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa. Na kama ndege yake inapitia Dubai, au kama una ndugu anayekwenda kufanya kazi Falme za Kiarabu, mwambie asitie mkobani tramadoli, dawa ya kikohozi yenye kodeini wala diazepamu kwa mazoea ya nyumbani. Kule ni dawa zinazodhibitiwa, zinataka cheti na kibali cha serikali ya huko kinachoombwa kabla ya safari, na watu wamewahi kuwekwa ndani kwa vidonge vilivyokuwa vya mgongo.

Ukitaka kununua mtandaoni dawa zisizo za cheti, inaruhusiwa na mara nyingi ni bei nafuu. Tafuta alama ya kijani yenye msalaba mweupe na bendera ndogo ya nchi, uibonyeze. Ya kweli inakupeleka kwenye orodha rasmi ya serikali, ya uongo haikupeleki popote. Anayekuuzia antibayotiki kwa WhatsApp, hata awe anaongea Kiswahili kizuri vipi, mkimbie.

Jumapili famasi zimefungwa, lakini daima kuna iliyo zamu. Siku moja ya Pasaka nilikuwa zamu, saa nane usiku kengele ikalia. Nikafungua kile kidirisha cha mlangoni kinachotosha kupitisha mkono. Nje alisimama baba wa Kikongo na mtoto kabebwa kifuani ndani ya koti, uso wa moto. Alikuwa amezunguka famasi nne zote zimefungwa, hakujua kwamba kila moja ilikuwa imebandika kwenye kioo cha mlango karatasi inayotaja iliyo zamu. Tuliongea Kiswahili kupitia tundu lile, chake cha Bukavu na changu cha Dar. Nilimpa dawa ya homa ya kuweka nyuma, nikamuuliza kuhusu shingo, madoa ya ngozi, kunywa maji, kisha nikamtuma hospitali ya watoto kwa sababu alikuwa na wiki mbili tu tangu warudi kutoka nyumbani. Huduma ya usiku na Jumapili ina ada ya euro 2.50, basi. Karatasi hiyo ya kioo inaanzia neno Notdienst, yaani huduma ya zamu. Lijue neno hilo.

Sababu ya kumtuma hospitali ni malaria, na hili linakuhusu na wewe ukienda likizo Tanga. Ukirudi huku ukapata homa, hata baada ya wiki tatu nne, usiende famasi kutafuta dawa ya mafua na usimeze dawa ya malaria ya ALu uliyobeba mkobani kabla ya kupimwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo na useme kabla hujakaa, “Ich war in Tansania, vielleicht Malaria”, yaani nilikuwa Tanzania, labda ni malaria. Daktari ambaye hajaona malaria miaka mitano ataandika mafua usipomwambia. Dawa mseto ileile tunayoijua kama Coartem huku boksi lake linaitwa Riamet, ni ya cheti, na si kila famasi inayo, ingawa tukiiagiza huwa inafika ndani ya saa chache au kesho yake asubuhi. Na kinga uliyokulia nayo hupungua ukikaa mbali, kwa hiyo kabla ya kusafiri muulize daktari vidonge vya kujikinga, na uiulize bima yako kama inarudisha gharama. Nyingi hurudisha.

Kuna wanaoniandikia pembeni, na nataka nijibu hapa bila kumtaja mtu. Anayetumia ARV asiache hata siku moja kwa sababu amehama nchi. Njoo na akiba ya miezi mitatu, na wiki ya kwanza tafuta daktari, usingoje akiba iishe. Bima inalipa. Huenda kidonge kikawa na sura nyingine, lakini matibabu yanaendelea. Unayeogopa kwamba hospitali unakofanyia mafunzo itajua, sikiliza: daktari na mfamasia wanafungwa na sheria ya jinai kutunza siri yako, na cheti cha ugonjwa kinachomfikia mwajiri hakina jina la ugonjwa. Na kwa mabinti: vidonge vya uzazi wa mpango ni vya cheti, bima inavilipia hadi unapotimiza miaka 22, wewe umeshavuka. Ile tunayoiita P2, ya dharura ya kuzuia mimba, inauzwa famasi bila cheti tangu Machi 2015. Utaulizwa maswali mawili matatu kaunta. Ukiona haya, omba kusogea pembeni mzungumze faragha.

Kesho basi, saa mbili kamili asubuhi kliniki zinapoanza kupokea simu, soma hii polepole kwa sauti: “Guten Morgen, ich habe Asthma, mein Spray ist fast leer, und ich huste seit zwei Wochen. Ich brauche bitte heute einen Termin.” Maana yake una pumu, inhela inakaribia kuisha, umekohoa wiki mbili, unaomba miadi leo. Wakikataa, piga inayofuata, halafu inayofuata. Nenda na kadi ya bima, na boksi la Ventolin, na hiyo picha ya simu. Ukipewa inhela mpya ambayo huelewi namna ya kuivuta, usiondoke famasi kabla hawajakuonyesha, maana kukuonyesha ni sehemu ya kazi yetu.

Na mama mwambie ampe binamu dagaa waliokauka vizuri, iliki na mdalasini. Dagaa wanapita forodha, nyama na maziwa havipiti. Hiyo chai ya famasi ukiitia iliki, inanyweka.